Kabla Hujampa Fundi Bunduki Yako Aipake Rangi

Duka la kupaka rangi bunduki hujitangaza kwa picha, na nyingi ni picha nzuri kweli. Utaona bastola ya rangi ya shaba, bunduki ya kuwindia yenye mabaka ya kijani na kahawia, jina la mwenyewe limeandikwa ubavuni kwa herufi safi. Ila picha hizo hupigwa siku kazi inapotoka kwenye oveni, na siku hiyo kazi mbovu na kazi njema hazina tofauti. Tofauti huonekana miezi mitatu baadaye, pale rangi inapoanza kubanduka pembeni mwa kilengeo, au bastola inapokwama kwa sababu reli zake, zile njia ambamo sehemu ya juu huteleza, zimenenepa kwa rangi.

Nazungumzia Marekani, ambako raia wa kawaida anaweza kumiliki bunduki ya kuwindia kulungu, kuipeleka kwa fundi Jumatatu na kuchagua rangi kwenye kitabu cha sampuli. Wapo Waswahili wengi huko sasa, kutoka Kongo, Kenya na Tanzania, na baadhi yao wameshaingia kwenye uwindaji wa vuli. Aliye Dar es Salaam au Nairobi ana sheria zake, nzito zaidi, na haya hayamhusu.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba watu huita "rangi" vitu ambavyo havina undugu. Ule weusi wenye kivuli cha samawati kwenye bunduki za zamani haukupakwa. Chuma kilichemshwa katika maji ya magadi makali na chumvi za naitreti, joto la kama sentigredi 140, mpaka ngozi yake yenyewe ikageuka kuwa oksidi nyeusi. Ule ukijivu mzito wa bunduki za jeshi za Vita vya Pili ni fosfeti, nayo huchemshiwa vilevile. Ngozi hizi mbili ni nyembamba na zinanywa mafuta. Ukiacha kuzipaka mafuta, kutu inaingia. Alumini ina njia yake ya umeme, anodaizi, ambayo hukuza ngozi ngumu juu ya metali. Halafu ndipo inakuja rangi yenyewe, ile inayopulizwa kwa kompresa na kuokwa, na siku hizi anayesema "nataka bunduki yangu ipakwe" kwa kawaida anamaanisha hii.

Tofauti hizo zina uzito kwa sababu si kila metali huvumilia kila njia. Alumini ukiitumbukiza kwenye yale magadi ya moto, inayeyuka. Chuma cha pua hakigeuki rangi kwenye chumvi za kawaida. Bunduki yenye mitutu miwili iliyounganishwa kwa risasi ya kulehemu haifai kuchemshwa katika magadi hata kidogo, kwa kuwa maungio hushambuliwa na mitutu inaweza kuachana. Hiyo hutiwa weusi kwa njia ya polepole ya kutu inayochemshwa na kusuguliwa, kurudiarudia. Fundi akikubali kwa simu kazi ya bunduki ya mitutu miwili, akakutajia bei bila kuuliza imeunganishwaje, umeshajua la kujua.

Katika rangi za kupuliza, jina linalotajwa kuliko yote ni Cerakote, inayotengenezwa na NIC Industries huko White City, jimbo la Oregon. Ni rangi yenye seramiki ndani yake. Inapulizwa nyembamba sana, kama mikroni 25 hivi, na ile ya kundi la H huokwa kwa joto la sentigredi 121 kwa muda wa saa mbili. Kundi la C halihitaji oveni. Linakauka kwa hewa, linachukua kama siku tano kukomaa kabisa, na linastahimili joto kali mno, ndiyo maana hupakwa kwenye vizuia sauti. Ipo pia DuraCoat ya kampuni ya Lauer Custom Weaponry ya Wisconsin, ambayo hukomaa taratibu kwa wiki kadhaa, na Gun-Kote ya KG Industries, nayo ya kuoka. Zote zina mafundi wanaozijua vizuri na wanaoziharibu.

Hapa pana ujanja mdogo wa soko. Jina la Cerakote limekuwa kubwa kiasi kwamba wapo wanaolitumia kwa rangi yoyote inayotoka kwenye pampu. Njia rahisi ya kumjua mtu ni kumuuliza msimbo wa rangi. Kila rangi ya Cerakote ina wake: H-146 ni Graphite Black, H-190 ni Armor Black, na kadhalika. Mtu anayefanya kazi hiyo kila siku atakutajia msimbo kabla hujamaliza swali, na hatachukia ukimwomba auandike kwenye risiti. Anayesema "ni ile nyeusi ya kawaida" anaweza kuwa mtu mwema, lakini hujui utakachopata.

Sasa twende kwenye moyo wa jambo. Kupuliza rangi ni dakika chache. Unachokilipia hasa ni saa za maandalizi ambazo hutaziona, na duka hupimwa kwa hizo. Kupaka rangi juu ya chuma chenye mafuta ni sawa na kupaka mabati yenye kutu siku mbili kabla ya harusi: wageni watasifu, mvua ya kwanza itasema ukweli.

Bunduki ni kitu kilichoishi ndani ya mafuta tangu siku ilipotoka kiwandani. Mafuta hayo yamejificha kwenye nyuzi za mtutu, chini ya vilengeo vilivyopigiliwa, ndani ya matundu ya pini. Fundi mzuri anaifungua mpaka pini ya mwisho, anailoweka kwenye asetoni au dawa nyingine ya kuondoa mafuta, kisha anaiingiza kwenye oveni ikiwa tupu, bila rangi. Lengo ni kuyafukuza mafuta yaliyobaki. Chuma kikipata moto, mafuta hutoka kwenye viungio kama jasho, na yakitoka anaosha upya na kurudisha motoni. Hatua hii ndiyo inayorukwa na mwenye haraka. Akiiruka, mafuta yaleyale hutoka siku ya kuoka rangi, yanapenya chini ya rangi mbichi, na hapo ndipo mahali pa kubandukia.

Baada ya hapo chuma hupigwa mchanga. Mchanga wa baharini hauhusiki hapa. Kinachotumika ni punje za oksidi ya alumini au ganeti, za ukubwa wa namba 100, kwa msukumo wa hewa wa psi (ratili kwa inchi ya mraba) 80 hadi 100 kwenye metali, na chini ya nusu yake kwenye plastiki ngumu. Punje hizi zina makali, zinaacha uso wenye vikwaruzo vidogo ambavyo rangi inavishika. Wapo wanaotumia shanga za kioo kwa sababu uso unatoka laini na wa kung'aa. Kwa rangi hii, ulaini huo ni hasara, kwa maana rangi haina pa kushikia. Na tangu mchanga unapoisha, hakuna mkono mtupu unaoruhusiwa kugusa chuma. Ukimkuta fundi anakuonyesha kipande kilichokwisha pigwa mchanga huku amekishika bila glavu, akisema "ona kilivyo safi," mshukuru na uondoke.

Kabla ya kupiga mchanga kuna kuziba. Ndani ya mtutu, chemba (mahali risasi inapokaa), tundu la pini ya kupigia, nyuso za kifyatulio zinazosuguana: haya yote huzibwa kwa plagi na tepu ya kuvumilia joto, mchanga usiyale na rangi isiyafikie. Hapa ndipo upakaji wa bunduki unapoachana na upakaji wa rimu za gari. Mikroni 25 ni kitu kidogo, lakini rangi hupakwa kwenye nyuso zote mbili zinazokutana, kwa hiyo ukubwa huo unajizidisha. Bastola ya muundo wa 1911 iliyobanwa vizuri na fundi wake inaweza kugoma kurudi mahali pake baada ya reli kupakwa. Kwenye bunduki ya bolti (kile chuma kinachovutwa kwa mkono kuingiza risasi), masikio yanayofunga nyuma ya risasi hayaguswi kabisa, kwa kuwa nafasi kati ya bolti na chemba ni suala la usalama wa uso wako.

Na mabaka ya rangi tatu yana hesabu yake. Kila rangi ni tabaka. Palipopandana matatu, unene umefika mara tatu. Kwa hiyo ukiagiza mabaka, uliza rangi zinaanzia wapi na zinaishia wapi, na sehemu zinazoteleza zitabaki na tabaka moja au bila kitu. Jibu la kuridhisha ni refu kidogo, lina majina ya sehemu. Jibu la "usijali" halitoshi.

Plastiki ngumu, darubini na taa za kulengea zinataka maswali yake. Fremu ya polima haiokwi kwa joto la chuma, hupewa joto la chini zaidi. Darubini ina gesi na mpira wa kuzibia ndani, haiingii ovenini. Kwa hiyo inataka rangi ya kukauka kwa hewa, tena lenzi zikiwa zimezibwa kwa uangalifu wa hali ya juu. Vilengeo vyenye tritiamu, vile vinavyong'aa usiku, hutolewa kwanza. Hapa muulize fundi moja kwa moja: "Vilengeo hivi utavitoa wewe, au nivitoe mimi?" Maduka mengine ni ya wapaka rangi tu, hawana elimu ya kufungua bunduki mpaka mwisho, na wanasema hivyo wazi. Hilo si kosa. Kosa ni la yule asiyejua kufungua na asiyesema, anayepuliza rangi juu ya bunduki iliyofungwa nusu huku akifunika mapengo kwa tepu.

Tuje kwenye sheria, ambako watu wengi huteleza bila kujua. Kwa sheria ya shirikisho, Gun Control Act ya mwaka 1968, anayefanya biashara ya kutengeneza au kurekebisha bunduki za watu ni lazima awe na leseni itolewayo na ATF, idara inayosimamia silaha. Kwa kawaida ni leseni ya aina ya 01, inayowajumuisha wauzaji na mafundi. Bunduki yako ikilala dukani, anapaswa kuiandika kwenye daftari lake la kuingiza na kutoa: aina, namba, nani kaileta, lini imerudi. Duka ambalo linapokea bunduki na kuiweka kabatini bila kuandika chochote limekuonyesha namna linavyoheshimu mambo mengine pia. Leseni yenyewe si siri. ATF huchapisha orodha ya wenye leseni kwa kila jimbo, na ina ukurasa wa kuhakiki namba ya leseni.

Kuna mlango mmoja hapa ambao ni vizuri ukaufahamu. Kisheria, "bunduki" ni kile kipande chenye namba, fremu ya bastola au risiva (kiwiliwili) ya bunduki ndefu. Slaidi ya bastola, ile sehemu ya juu inayoteleza, peke yake ni kipuri. Mtu asiye na leseni anaweza kupaka slaidi yako bila kuvunja sheria ya shirikisho, ndiyo maana baadhi ya vibanda hukuambia, "Niletee slaidi tu." Binafsi sioni ubaya, ilimradi kazi yake ni safi. Lakini akifanya biashara ya kupaka na fremu pia, wakati leseni hana, ameingia kwenye kosa na bunduki yako ikiwa mikononi mwake. Kizuia sauti nacho usikichukulie kuwa kipuri: kwa sheria hiyo, kizuia sauti ni silaha kamili.

Namba ile iliyochongwa ndiyo kitu cha kulindwa kuliko vyote. Kumiliki bunduki ambayo namba yake imefutwa au kubadilishwa ni kosa la shirikisho, na kusema "ilifutika kwa fundi" si utetezi ninaotaka kuujaribu. Tangu tarehe 30 Januari 2002 watengenezaji wanatakiwa kuchonga namba kwa kina kisichopungua 0.003 ya inchi, yaani kama mikroni 76. Linganisha na unene wa rangi na utaona nafasi iliyopo. Tabaka moja lililopulizwa vizuri linaacha namba isomeke bila taabu. Mabaka ya tabaka tatu juu ya namba, au mchanga uliopigwa mahali pamoja kwa muda mrefu, ni habari nyingine. Bunduki za zamani zilizochongwa kwa kina kidogo zinahitaji tahadhari zaidi. Piga picha ya namba kabla ya kuipeleka, na muulize fundi atailinda vipi. Wengi huiziba wakati wa kupiga mchanga, au hupita juu yake haraka.

Ukiwa mbali na duka unalolitaka, sheria ya shirikisho inakuruhusu kuituma bunduki yako mwenyewe kwa mwenye leseni kwa ajili ya matengenezo, na yeye kukurudishia moja kwa moja. Makampuni ya usafirishaji ndiyo yenye masharti makali, hasa kwa bastola, na yanabadilikabadilika, kwa hiyo mara nyingi njia nyepesi ni kumlipa muuzaji mwenye leseni wa mtaani kwako akutumie. Na ukifika wakati wa kuichukua, nenda mwenyewe. Bunduki ikirudi mikononi mwa yule aliyeileta, hakuna fomu ya 4473, ile ya shirikisho inayojazwa mtu anapopokea bunduki kwa mwenye leseni, wala uchunguzi wa rekodi. Ukimtuma shemeji, kwa macho ya sheria hiyo ni kumhamishia mtu mwingine silaha, na duka linalojua kazi litamzuia mlangoni mpaka fomu ijazwe. Waliopo Marekani kwa viza ya muda wana kizuizi kizima cha kumiliki silaha, chenye misamaha michache kama leseni halali ya kuwinda. Wenye ukazi wa kudumu hawaguswi na kizuizi hicho. Majimbo nayo yana yake.

Rangi yenyewe nayo imewahi kuingia kwenye siasa. Mwaka 2006 jiji la New York, chini ya meya Michael Bloomberg, lilipiga marufuku bunduki zinazopakwa rangi za kung'aa zinazofanana na vitu vya kuchezea. Lauer, wale wa DuraCoat, walijibu kwa kuuza seti ya rangi waliyoipa jina la Bloomberg. Watu walicheka, lakini hofu ya meya haikuwa ya bure: vitu vya kuchezea vyenye umbo la bunduki vinatakiwa na sheria ya shirikisho viwe na alama ya rangi ya machungwa iliyokolea mdomoni, ili polisi na watoto wavitofautishe na bunduki ya kweli. Mtu akitaka bastola ya waridi ni haki yake katika majimbo mengi. Mimi nikiwa na watoto nyumbani ningechagua nyeusi, na fundi anayekuuliza kama una watoto kabla ya kuchanganya rangi hiyo, namheshimu.

Vipi kuhusu vyeti? NIC ina mafunzo ya siku chache kwa wapakaji, na waliohitimu huorodheshwa kwenye tovuti yake. Cheti kinakwambia kwamba mtu amefundishwa hatua sahihi. Hakikwambii kama wiki hii, akiwa na bunduki arobaini zinazosubiri kabla ya msimu wa kulungu, amezifuata. Ndiyo maana nathamini zaidi kuona kazi iliyotumika. Mwombe fundi akuonyeshe bunduki yake mwenyewe, ile anayotembea nayo, yenye mwaka mmoja au miwili ya kuchomolewa kwenye ala. Itakuwa imechubuka kwenye kingo. Kila rangi ya kupuliza huchubuka pale ala inapoisugua, na anayekuahidi kwamba haitachubuka maisha anakuuzia maneno. Angalia michubuko ina sura gani. Ikiwa imepungua taratibu, ikang'aa na kuwa nyembamba, hiyo ni kazi iliyoshika. Ikiwa imetoka kwa magamba yenye kingo kali, huyo alikimbia maandalizi, na kwenye bunduki yake mwenyewe.

Bei husaidia kidogo tu. Slaidi ya bastola kwa rangi moja mara nyingi huwa kwenye dola mia moja na kitu, bunduki ndefu nzima kwenye mia mbili hadi mia nne, mabaka na michoro juu ya hapo. Ukikuta bei ya nusu ya hiyo, kumbuka kwamba rangi na punje havijashuka bei kwa ajili yake, kwa hiyo kilichopunguzwa ni saa. Muda nao unasema. Kufungua, kuloweka, kuoka mara mbili, kupiga mchanga, kupuliza, kuoka tena na kufunga haviishi kati ya saa nne na saa kumi za mchana huohuo. Anayetaja wiki mbili au tatu, na Septemba akataja sita, nadhani anakuambia ukweli. Peleka bunduki ya kuwindia Februari.

Kuna bunduki ambazo fundi mwaminifu atakataa kuzipaka, na kukataa huko ni sifa. Ukimpelekea Winchester Model 94 iliyotengenezwa kabla ya 1964, weusi wake umefifia na mbao zake zimechakaa, wakusanyaji wanalipia ule uchakavu wenyewe. Kuipiga mchanga ni kuchukua sehemu kubwa ya thamani yake na kuifagia sakafuni, na hairudi. Fundi anayejali atakwambia uitie mafuta na uiache. Mwenye njaa ya kazi atakuuliza unapenda rangi gani.

Dhamana ipate kuandikwa. Uliza rangi ikibanduka bila kugongwa nini kitafanyika, nani atalipia usafiri, na kama kipuri kitapotea nani atakinunua. Uliza pia kama mtengenezaji wa bunduki ataendelea kuheshimu dhamana yake baada ya upakaji, kwa maana wengine hawaheshimu.

Siku ya kuichukua, usianze kwa kutazama rangi. Hakikisha ni tupu, kisha linganisha namba na ile picha yako na maandishi kwenye daftari la duka. Vuta slaidi au bolti mara kadhaa, usikilize. Jaribu kitufe cha usalama, toa magazini na urudishe, angalia kwa tochi ndani ya mtutu kama kuna punje za mchanga. Punje moja kwenye tundu la pini inatosha kuleta taabu. Tazama kandokando ya vilengeo na matundu ya pini, pale mafuta yanapopenda kujificha, kama kuna madoa yanayong'aa au vipovu. Ikiwa rangi ni ya kukauka kwa hewa, uliza ilipulizwa lini. Ikiwa ni juzi, iache isimame siku zake kabla ya kuitia kwenye ala.